Shangazi alitobolewa sindano mara mbili, sasa saratani iko mgongoni. Je, ni ile sindano?

BintiUjiji aliandika:

Shikamooni wakubwa, na habari zenu wengine. Mnivumilie, nitaandika kirefu kwa sababu jambo hili linaninyima usingizi.

Shangazi yangu ndiye aliyenilea hapa Ujiji tangu nikiwa darasa la pili. Ana miaka 58. Kazi yake ni mawese: ananunua chikichi, anachemsha, anakamua, anauza kwa madumu pale Mwanga. Mwaka jana mwezi wa nne aliniambia titi la kushoto limekuwa zito upande mmoja na chuchu imeanza kuzama. Nilimpapasa mwenyewe. Sikukuta kijiwe wala tonge, ila nyama ilikuwa imekaza kama ngozi ya ngoma. Alienda zahanati mara mbili, na mara zote mbili akaambiwa hakuna uvimbe, arudi nyumbani. Siku hizo hizo alikuwa analalamika mgongo, huku chini karibu na kiuno, tukasema ni kuinamia pipa la mawese.

Mwezi wa nane tukafika hospitali moja, wakasema lazima kichukuliwe kinyama kwa sindano. Shangazi aliogopa, akaniambia nisaini mimi. Nikasaini. Baada ya wiki tano tukaambiwa kinyama kimeoza, hakikuwekwa kwenye dawa yake, kwa hiyo achomwe tena. Nikasaini tena. Safari hiyo majibu yakaja: saratani ya titi aina ya lobula, na chini yake wameandika "E-kadherini: hasi". Mwezi wa kumi na moja mgongo ukazidi, akapigwa picha, ikaonekana saratani imeshaingia kwenye pingili mbili.

Ndugu wa upande wa baba wamekaa kikao. Wanasema titi lilikuwa limetulia, chuma ndicho kilichoichokoza, na kutobolewa mara mbili ndiko kulikoipeleka mgongoni. Hawanilaumu kwa mdomo, ila kila mmoja anajua nani alisaini. Shangazi mwenyewe hasemi kitu.

Naomba mwenye elimu aniambie ukweli hata kama unauma. Saratani inatokaje kwenye titi ikafika kwenye mfupa wa mgongo? Ile sindano ndiyo iliyoifungulia njia? Na hiyo E-kadherini ni nini? Daktari nilimuuliza, lakini foleni nyuma yangu ilikuwa ndefu, akasema tu kwamba ndiyo aina yake.

MvuviKatonga alijibu:

Pole sana dada. Mama yetu alipochukuliwa kinyama hakumaliza miezi mitano. Kabla ya hapo alikuwa anapandisha ndoo ya maji kutoka ziwani akiwa nayo kichwani. Mimi sina elimu ya hospitali, ila hayo niliyaona kwa macho yangu. Kwetu tulishakubaliana, kansa haiguswi na chuma. Mrudishe nyumbani umuuguze kwa upendo.

MzeeWaNta alijibu:

Marahaba mwanangu BintiUjiji. Na wewe MvuviKatonga, pole kwa mama. Uliyoyaona uliyaona kweli, siwezi kukukatalia. Nitayarudia mwishoni.

Nimefanya kazi kwenye maabara ya patholojia miaka 31. Kinyama kinafika ndani ya chupa, tunakizamisha kwenye nta ya moto, nta ikiganda tunakikata vipande vyembamba mno, tunavitia rangi, daktari anavisoma kwenye hadubini. Sasa nimestaafu, niko Tabora, nafuga nyuki kwenye miombo njia ya Sikonge. Nta imenifuata mpaka huku.

Nilipofika pale kinyama cha kwanza kilipooza, niliweka simu chini kwanza. Nimevipokea vinyama vya hivyo. Vinakuja kwenye maji ya dripu, vingine kwenye chupa kavu, na kila mara nilijua kuna mtu mahali fulani anahesabu siku. Hilo ni kosa la waliokichukua. Si lako, na shangazi hana lawama yoyote.

Nianze na E-kadherini, maana maswali yako yote yanapita hapo.

Seli za titi lenye afya zimeshikana. Kila seli ina protini zilizochomoza kwenye ngozi yake kama mikono, na mkono wa hii unashika mkono wa jirani. Mikono hiyo ndiyo E-kadherini. Mjapani Masatoshi Takeichi ndiye aliyeigundua jamii hii ya protini, akaonyesha kwamba mshiko wake unahitaji kalsiamu: ukiiondoa, seli zinaachiana. Kwa ndani, mkono umefungwa na protini nyingine ziitwazo katenini kwenye nyuzi zinazoipa seli umbo lake. Kwa hiyo mkono ukipotea, jirani anaachiwa na seli yenyewe inabadilika umbo na tabia.

Maabara tuna dawa ya kupaka kwenye slaidi, inayoifanya E-kadherini itoke kwa rangi ya kahawia. Saratani ya titi inayoonekana zaidi ni ile ya vijifereji vya maziwa, na hiyo mara nyingi inatoka na mstari wa kahawia kuzunguka kila seli. Ukiinama kwenye hadubini unaona sega la nyuki kabisa. Lobula, yaani ile ya vifuko vinavyotengeneza maziwa, kwa kawaida inatoka bila sega. Seli zake hazikai fungu moja, zimejipanga moja nyuma ya nyingine, zinapita katikati ya nyama kama siafu barabarani. Hiyo ndiyo maana ya "hasi". Katika kila saratani 100 za titi zilizokwisha kupenya, kama 10 hadi 15 ni za namna hii.

Sasa rudi siku ile ulipompapasa shangazi. Hukukuta tonge kwa sababu seli zisizoshikana hazifanyi tonge. Zinajipenyeza kidogo kidogo, nyama inakaza, chuchu inavutwa ndani. Hata mammografia, ile eksirei ya titi, inaikosa lobula mara nyingi kuliko aina nyingine. Kule zahanati walitafuta kijiwe wakakikosa. Chuchu iliyoanza kuzama ingetosha kumpeleka mbele, na hilo linaniuma kulisema. Lakini vidole vyako havikukosea, mwanangu. Vilishika kilichokuwepo.

Halafu safari yenyewe. Seli imefungwa mara mbili: kwa jirani zake, na kwa mkeka wa protini iliokalia. Vishikizo vya kwenye mkeka vinaitwa integrini. Seli ya kawaida ikiachia mkeka inajiua yenyewe, mwili umeiwekea amri hiyo tangu mwanzo. Ya saratani inafika mahali haiitii tena. Integrini zake zinashika mbele na kuachia nyuma, zinashika tena, ndivyo inavyotambaa, huku ikimwaga vimeng'enya vinavyoula mkeka. Ikikuta mshipa wa damu au wa limfu, inaingia.

Ndani ya damu ndiko nyingi zinakofia. Mkondo unazipigiza, na askari wa mwili wanazishambulia. Mwaka 1970 Isaiah Fidler wa Marekani aliwadunga panya seli za saratani zilizotiwa alama ya mionzi ili aweze kuzifuatilia. Baada ya saa 24, zilizobaki hai hazikufika hata 1 kati ya 100. Zinazopona mara nyingi zimepata wa kuzikinga: zile chembe sahani zinazogandisha damu ukijikata huzizunguka, na kinachowashikisha hapo ni protini za jamii ya selektini. Kuta za mishipa nazo zina selektini zake. Kazi yake halali ni kukamata chembe nyeupe zishuke penye kidonda. Seli ya saratani iliyovaa sukari kama za chembe nyeupe inakamatwa vilevile. Inabiringika taratibu ukutani, kisha integrini zinaifunga, inasimama, inatoka nje ya mshipa.

Kwa nini mfupani? Mimi nina mizinga ya magome, nimeitundika kwenye miti ya jamii moja, nimeipaka nta ile ile ndani. Bumba la nyuki linapita juu ya yote. Mzinga mmoja linauingia siku hiyo hiyo, wa jirani yake unakaa mtupu misimu mitatu. Mwaka 1889 daktari wa upasuaji wa London, Stephen Paget, alipitia kumbukumbu za wanawake 735 waliokufa kwa saratani ya titi. Akaona ini limeshambuliwa mara nyingi na bandama mara chache sana, ingawa damu inafika kote. Akasema mbegu inapelekwa kila upande, lakini inaota kwenye udongo unaoifaa. Kwa saratani ya titi, mfupa ni udongo wa namna hiyo. Uboho unatoa kemikali zinazoziita seli, mishipa yake ina protini za kuzishika, na mfupa ukianza kuliwa unaachia vichocheo vinavyozikuza zaidi. Lobula ina njia nyingine pia, inapenda utando wa tumbo, utumbo na ovari. Kwa hiyo tumbo la shangazi likianza kujaa, mwambieni daktari mapema.

Sasa sindano. Ni kweli sindano inaweza kusukuma seli chache kutoka mahali pake, hata mimi nimeziona kwenye slaidi. Lakini seli iliyosukumwa bado inadaiwa yote niliyoyaeleza: iishi bila mkeka, ipenye mshipa, ivumilie damu, ikamatwe ukutani, itoke, ipate udongo. Nyingi zinakufa pale pale kwenye njia ya sindano. Za shangazi zilikuwa zimeachiana mikono zamani, kabla chuma hakijamgusa. Slaidi yake inasema hivyo.

Na umeandika wewe mwenyewe, soma tena: mgongo ulianza mwezi wa nne. Ulisaini mwezi wa nane. Eksirei haionyeshi shimo kwenye pingili mpaka theluthi hadi nusu ya madini ya sehemu hiyo iwe imeliwa, na hiyo si kazi ya wiki chache. Kama maumivu yale yalikuwa ndiyo haya, na yalikuwa mahali pale pale, basi ugonjwa ulifika mgongoni kabla yako.

MvuviKatonga ndugu yangu, mama alibeba ndoo kwa sababu alikuwa na nguvu, wala si kwa sababu alikuwa mzima. Wagonjwa wetu wengi wanafikishwa kwenye sindano ugonjwa ukiwa umeshatembea. Sindano inaingia, halafu baada ya muda mfupi tunazika, na aliyebaki anazifunga siku hizo mbili pamoja. Ningekuwa mimi ningezifunga vilevile.

BintiUjiji alijibu:

Shikamoo mzee wangu. Nimesoma nikiwa nimekaa kibarazani, nikaenda ndani kumuuliza shangazi maumivu ya mwezi wa nne yalikuwa wapi. Akaweka mkono pale pale walipoweka alama kwenye picha. Nikashindwa kusema.

Nina maswali matatu tu. Umesema mshiko unahitaji kalsiamu. Huku dagaa wapo kila siku, na maziwa naweza kununua. Nimpe kwa wingi seli zishikane tena? Je, kuna dawa inayorudisha mikono hiyo? Na la mwisho naliogopa: mimi ni mtoto wa kaka yake. Nami ninayo?

MzeeWaNta alijibu:

Marahaba. Dagaa mpe kama chakula, ni chakula kizuri. Lakini usimpe ukidhani ni gundi. Kwake kilichopotea ni mikono yenyewe, na kalsiamu haiwezi kushikisha mkono usiokuwepo. Tena sikiliza vizuri hapa. Saratani ikiula mfupa, kalsiamu inamwagika kwenye damu na inaweza kupanda hadi kiwango cha hatari. Vidonge vya kalsiamu asinywe bila daktari kuamua. Ukimwona ana kiu isiyokatika, anakojoa sana, choo kimefunga, anachanganya maneno au analala kupita kawaida, usisubiri kliniki, mpeleke. Na miguu ikianza kulegea au kufa ganzi, au mkojo ukigoma au kutoka wenyewe, nenda siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Hapo pingili inaweza kuwa inaukandamiza uti wa mgongo, na saa chache zinaamua kama atatembea tena.

Dawa ya kurudisha mikono haipo hospitalini. Akikujia mtu na chupa akisema anayo, muulize amewahi kuona slaidi gani. Wanasayansi wamejaribu upande wa pili, kuziba integrini ili seli zisishike. Dawa moja, silengitaidi, ilifikishwa kwenye majaribio makubwa kwa wagonjwa wa saratani ya ubongo, na haikurefusha maisha yao. Ugumu ni kwamba kushikana hakuwi upande mmoja siku zote. Zipo saratani zinazosafiri kwa bumba, seli kadhaa zimeshikana mikono ndani ya damu, na bumba linapona kuliko seli iliyo peke yake. Mwaka 2019 watafiti waliiondoa E-kadherini kwenye saratani za titi za panya, za aina ya vijifereji. Seli zikapenya zaidi kama ilivyotarajiwa, lakini zikafa zaidi njiani, na uvimbe mpya ulioota kwingine mwilini ukapungua. Niliposoma habari hiyo nilikaa kimya muda mrefu, maana miaka yote nilikuwa naitazama rangi ya kahawia nikiiona kama ulinzi mtupu.

Kilichopo kwa shangazi ni kingine, na ni cha kweli. Lobula nyingi zina vipokezi vya homoni ya estrojeni. Tazama kwenye karatasi ile ile ya majibu, kama vimepimwa. Kama ni chanya, kuna vidonge vya kuizuia homoni hiyo isifanye kazi, tamoksifeni ni kimojawapo, na watu wanaishi navyo. Daktari wake ndiye ataamua. Wewe kazi yako ni kuuliza swali hilo kabla foleni haijakusukuma.

Kuhusu wewe: seli za shangazi zilipoteza mikono ndani ya titi lake, maishani mwake, na kwa wagonjwa wengi wa lobula inakuwa hivyo. Wachache huzaliwa na kasoro kwenye jeni ya E-kadherini, iitwayo CDH1. Kasoro hiyo iligunduliwa mwaka 1998 kwa familia za Wamaori, wenyeji wa asili wa New Zealand, ambazo saratani ya tumbo ilikuwa inawaua wakiwa vijana. Kwa hiyo waulize wazee wa upande wa baba yako kama kuna waliokufa kwa saratani ya tumbo wakiwa na umri mdogo, au wanawake kadhaa wenye saratani ya titi. Wakisema wapo, mweleze daktari. Wakisema hawapo, jichunguze kama mwanamke mwingine yeyote, na sasa unajua usitafute tonge peke yake.

MamaKasulu alijibu:

BintiUjiji mdogo wangu, mimi niko Kasulu na nina ugonjwa huo, nyonga ya kulia na pingili moja. Nilikaa miezi sita nikiogopa kinyama, kwa maneno haya haya. Nilipanda treni mpaka Dar es Salaam, hospitali ya saratani ya Ocean Road wakanipiga mionzi mara moja tu kwenye nyonga, siku moja, na baada ya wiki mbili hivi nikaweza kulala ubavu. Sikupona, sitakudanganya. Nakunywa vidonge kila siku na mwaka huu nimepalilia maharage yangu mwenyewe. Kama shangazi hajaulizia mionzi ya kupunguza maumivu, mwulizie. Na mwambie mimi nilisaini mwenyewe, na sijutii. Ninachojutia ni ile miezi sita.

BintiUjiji alijibu:

Nimemsomea shangazi majibu yenu yote, hadi la dada wa Kasulu. La siafu aliniomba nilirudie. Kisha akasema, "Kumbe walikuwa wameshatoka nyumbani." Halafu akaniambia nimletee karatasi zote za hospitali, na aliponipa kazi ya kuzisoma akaniuliza sahihi yangu ni ipi. Nikamwonyesha. Akaishika pale kwa kidole muda mrefu, akasema nimeandika jina lake vizuri.

Estrojeni wameandika chanya. Jumanne tunarudi kliniki, na nimeshaandika maswali kwenye daftari.

MvuviKatonga alijibu:

Shikamoo mzee. Nimesoma mara tatu. Dada yangu wa mwisho ana titi limevutika ndani upande mmoja, tangu kabla ya Ramadhani. Sisi kaka zake ndio tuliomzuia. Nimeongea naye leo, Jumatatu nampeleka hospitali ya Maweni. Nikifika niseme nini?

MzeeWaNta alijibu:

Marahaba ndugu yangu. Sema chuchu ilianza kuvutwa lini, na kama ni upande mmoja. Wakikuambia hakuna uvimbe, waambie hamkuja kwa ajili ya uvimbe, mmekuja kwa ajili ya chuchu. Kama ana maumivu ya mfupa popote, yataje siku hiyo hiyo hata kama unadhani ni kazi nzito. Kinyama kikichukuliwa, uliza kwa upole kama chupa ina fomalini, ile dawa ya kuzuia kinyama kisioze, na kama fomalini imekizidi kinyama kwa wingi, kama mara kumi. Hakikisha jina lake na tarehe vimeandikwa kwenye chupa yenyewe, visiwe kwenye kifuniko peke yake, kwa sababu vifuniko hubadilishana mezani. Omba namba ya kufuatilia majibu uiandike kwenye simu yako. Wiki tatu zikipita kimya, rudi ukaulize, usingoje kuitwa.

Ukitoka, niandikie hapa.